Bahari Inavyopimwa, na Jinsi Jambo Hilo Linavyotuhusu Sisi wa Nkoma

Nkoma iko mbali sana na bahari. Mtu akipanda basi Bariadi kwenda Dar es Salaam hana budi kusafiri mchana kutwa, na usiku ukamkuta garini, kabla ya kuuona ufuko. Na wapo wanafunzi wengi wa shule yetu watakaomaliza kidato cha nne bila ya kuonja chumvi ya maji yale. Kwa hiyo sikushangaa muhula huu, tulipokuwa tukisoma habari za maji kujaa na kupwa, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliponyosha mkono akauliza habari hizo zina faida gani kwa mkulima wa pamba wa Itilima. Swali lilikuwa zuri, tena lilistahili jibu refu kuliko dakika chache zilizokuwa zimebaki kabla ya kengele kulia. Nimeona afadhali jibu hilo liwekwe katika gazeti la shule, ili wazazi nao wapate kulisoma.

Kwanza yafaa tujue mwendo wa kawaida wa bahari. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Zile dakika 50 ndizo zinazofanya wakati wa kujaa usogee mbele kila siku, kwa kuwa maji huvutwa na mwezi zaidi kuliko na jua, na mwezi nao hauchomozi saa ile ile kila siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja. Ndipo maji hupanda sana na kushuka sana, na watu wa pwani huyaita bamvua. Huko Unguja tofauti kati ya maji yaliyojaa na maji yaliyokupwa wakati wa bamvua yaweza kufika meta 4, yaani zaidi ya kimo cha ukuta wa darasa. Mwezi unapokuwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, na maji hayaendi mbali. Hayo huitwa maji mafu. Mvuvi wa Kizimkazi au wa Kilwa hujua haya yote bila ya kitabu. Akina mama wanaolima mwani katika vijiji vya mashariki ya Unguja hupanga kazi zao kwa kufuata bamvua, maana ndipo mashamba yao huwa wazi.

Lakini ujuzi huo, ingawa ni mkubwa, una mpaka. Mvuvi atakuambia kwamba bamvua la mwaka huu lilikuwa kubwa kuliko la mwaka jana. Hatakuambia limezidi kwa sentimeta ngapi, wala hawezi kukuambia maji yalikuwaje siku aliyozaliwa baba yake. Kwa kazi hiyo pana haja ya kitu kisichochoka wala kusahau, nacho ni kipimo cha maji ya bahari. Kimoja kipo katika bandari ya Unguja, na maandishi yake yanaanzia mwaka wa 1984.

Kipimo cha namna ya zamani ni chepesi kueleza. Husimamishwa bomba kubwa gatini, wima, likiwa na tundu dogo tu upande wa chini. Maji ya bahari huingia na kutoka kwa tundu lile polepole, kwa hiyo mawimbi madogo ya nje hayawezi kuyatikisa maji ya ndani. Ndani ya bomba huelea boya lililofungwa waya, na waya huo huvuta kalamu inayoandika juu ya karatasi inayozungushwa na saa. Maji yakipanda, kalamu hupanda, yakipwa, hushuka. Mtu akiitazama karatasi ile baada ya juma moja huona milima na mabonde yaliyopangika vizuri, makubwa wakati wa bamvua na madogo wakati wa maji mafu. Siku hizi vipimo vingi hufanya kazi kwa rada: chombo huwekwa juu ya maji, hupeleka mawimbi ya redio chini, kisha huhesabu muda yanaochukua kurudi, kama mtu anayepiga ukelele kisimani na kungoja mwangwi. Habari hupelekwa kwa setilaiti kila baada ya dakika chache.

Hapa napenda kusimama kidogo, maana vijana wengi hufikiri kwamba sayansi ni kuwa na chombo. Chombo ni sehemu ndogo. Katika miaka yake ya mwanzo kipimo cha Unguja kilionyesha usawa wa bahari ukishuka kidogo, wakati ambapo katika dunia kwa jumla ulikuwa ukipanda. Baadaye na huko ukaanza kupanda. Mtu ambaye angepima miaka 10 tu, kisha akafunga daftari lake, angetangaza kwamba bahari ya Unguja inarudi nyuma. Tangazo lake lingekuwa si kweli, ijapokuwa kila tarakimu aliyoiandika ilikuwa ya kweli. Ndiyo sababu wenye kazi hii hawapendi kusema neno kabla ya kupata maandishi ya miaka 30 au zaidi.

Sasa tutazame siku ambayo kipimo kile kiliandika jambo lisilo la kawaida. Ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004. Saa 10 ya alfajiri kasoro dakika moja, kwa saa zetu, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 9.1 lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Sakafu ya bahari iliinuka kwa ghafula, ikayainua maji yote yaliyokuwa juu yake, na maji yale yakaanza kusafiri kila upande. Wimbi la namna hiyo huitwa tsunami, neno lililotoka Ujapani.

Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne waweza kuikadiria safari yake wenyewe. Mwendo wa tsunami hutegemea kina cha maji. Chukua kina kwa meta, zidisha kwa 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni meta kwa sekunde. Katika bahari yenye kina cha meta 4,000 utapata meta 198 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilometa 700 kwa saa, nao ni mwendo wa ndege kubwa. Kutoka mahali pa tetemeko hadi Unguja ni kilometa 6,300 hivi. Gawanya, utapata saa 9. Huko kwenye kina kirefu wimbi halifiki hata meta moja kwa kimo, na baharia aliye katika meli hasikii kitu. Likifika penye kina cha meta 10, kanuni ile ile inasema mwendo wake ni kilometa 36 tu kwa saa. Basi maji ya nyuma huyakuta ya mbele yamepunguza mwendo, yanarundikana, na kimo kinapanda. Wimbi ambalo huko nje halikutambuliwa na mtu huja kuvunja nyumba.

Saa 9 ni muda mrefu. Katika muda huo hata mjumbe wa baiskeli angeweza kupita ufuko wote wa Dar es Salaam na kuwaambia watu watoke majini. Hata hivyo mchana ule mawimbi yalipofika, watu walikuwa wakiogelea kama Jumapili nyingine yoyote, tena ilikuwa siku ya pili ya Krismasi. Katika Tanzania walikufa watu wasiopungua 10. Kenya, ambako habari za Asia zilisikika mapema na wakuu wakaamuru watu waondoke katika fuko za Mombasa, alikufa mtu mmoja. Somalia walikufa karibu 300. Katika nchi zote zilizopigwa siku ile walikufa zaidi ya 220,000. Sisemi haya kwa kuilaumu ofisi yoyote, kwa kuwa wakati ule Bahari ya Hindi yote haikuwa na mpango wa kuonyana habari za tsunami. Bahari ya Pasifiki ilikuwa nao tangu mwaka wa 1949. Kipimo cha Unguja kiliyaandika mawimbi yale moja baada ya jingine, kama karani mwaminifu ambaye hakuna aliyemwambia barua yake impelekee nani.

Mpango ulianza kujengwa mwaka uliofuata. Katika sakafu ya bahari viliwekwa vyombo vinavyosikia uzito wa maji yaliyo juu yake. Wimbi likipita, uzito hubadilika, na habari hupelekwa kwenye boya lililo juu, na kutoka hapo kwa setilaiti. Vipimo vya matetemeko viliongezwa, na vipimo vya bandarini kama kile cha Unguja vikaunganishwa ili habari zake zisomwe papo hapo. Vituo vikuu vitatu vya kutoa onyo katika Bahari ya Hindi vipo Australia, India na Indonesia. Hapa kwetu anayepokea ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na kazi ya kulifikisha onyo kwa watu huanzia hapo. Nionavyo mimi sehemu hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Kutoka sakafu ya bahari hadi Dar es Salaam habari hufika kwa dakika chache. Kutoka ofisini hadi kwa mtoto anayeokota chaza ufukoni hakuna setilaiti inayoweza kusaidia, ila watu.

Kuna habari mbili za siku ile ambazo mwalimu yeyote hupenda kuzisimulia. Msichana mmoja Mwingereza wa miaka 10, jina lake Tilly Smith, alikuwa na wazazi wake ufukoni huko Phuket, Thailand. Aliyaona maji yakifanya povu na kwenda kwa namna isiyo ya kawaida, akakumbuka somo la Jiografia alilofundishwa majuma mawili tu kabla ya safari, akawaambia wazazi wake kwamba tsunami inakuja. Walimsikiliza, ufuko ukaondolewa watu, na watu karibu 100 wakaokoka. Ya pili ni ya kisiwa cha Simeulue, kilicho karibu kabisa na mahali pa tetemeko, ambako maji yalifika kwa dakika chache tu. Watu wa kisiwa kile walikuwa wamepigwa na wimbi kama hilo mwaka wa 1907, na tangu siku hiyo wazee wao waliwafundisha watoto: ardhi ikitetemeka kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani, msingoje. Kati ya watu zaidi ya 70,000 walikufa 7. Hapo hapakuwa na chombo hata kimoja. Palikuwa na maandishi ya miaka 97, ila yaliandikwa katika midomo ya watu.

Tsunami si hatari ya kila mwaka. Vimbunga pia si vya kila mwaka katika pwani yetu, na sababu yake yafaa kuelezwa. Kimbunga hutaka maji yenye joto la nyuzi 26 au 27, nayo tunayo; lakini hutaka pia nguvu ya mzunguko wa dunia ili upepo uanze kuzunguka, na nguvu hiyo ni hafifu karibu na Ikweta. Pwani ya Tanzania iko kati ya digrii 4 na nusu na digrii 10 na nusu kusini ya Ikweta, kwa hiyo vimbunga vingi hupita kusini yetu, vikaenda Madagaska na Msumbiji. Vingi, si vyote. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuzamisha vyombo bandarini, zama za Sayyid Barghash. Aprili 1952 kimoja kilipiga Lindi. Na wasomaji wote wanakikumbuka kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Tofauti kati ya Hidaya na wale wawili wa zamani ni kwamba kilionekana kwa setilaiti tangu kilipoanza kuzunguka, Mamlaka ikatangaza njia yake siku kwa siku, na vyombo vya kwenda Unguja vikasimamishwa kabla ya upepo kufika. Mvua yake iliikata barabara ya Lindi huko Somanga, na kwa siku kadhaa magari ya kusini hayakupita. Barabara haiwezi kukimbia. Watu waliweza.

Hadi hapa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angali anayo haki ya kusema: hayo yote ni ya watu wa pwani. Basi sasa tuje Nkoma.

Vuli ya mwaka wa 1961 ilinyesha katika Afrika ya Mashariki kuliko watu walivyozoea. Ziwa Viktoria lilipanda, likaendelea kupanda, na kufikia mwaka wa 1964 lilikuwa limezidi kwa meta 2 na zaidi. Twajua hivyo kwa sababu kina cha ziwa hili kimekuwa kikisomwa upande wa Uganda tangu mwaka wa 1896, kwa mbao zenye alama zilizosimamishwa majini. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza vizuri sababu ya mvua ile. Watu walitazama mawingu ya ziwa, na sababu moja kubwa ilikuwa maili elfu kadhaa kutoka hapo, baharini.

Mambo ni hivi. Kwa kawaida maji ya Bahari ya Hindi upande wa Indonesia huwa na joto zaidi kuliko ya upande wetu. Hewa iliyo juu ya maji ya moto hupanda, hufanya mawingu, na mvua hunyesha huko. Lakini katika miaka fulani mambo hugeuka: maji ya Indonesia hupoa na ya pwani ya Afrika hupata joto. Mvua nayo huhama. Huko Indonesia na Australia huwa ukame, na huku kwetu vuli hufurika. Wataalamu wa Ujapani waliieleza hali hii kwa ukamilifu mwaka wa 1999, na walipofungua maandishi ya zamani ya joto la bahari walikuta mwaka wa 1961 ulikuwa mmoja wa miaka hiyo. Mwaka wa 1997 pia, na joto lililofuata mwaka wa 1998 liliua matumbawe mengi sana huko Mafia, jambo ambalo wavuvi wa kisiwa kile hawajalisahau. Kisha mwaka wa 2019: Australia misitu iliwaka moto kwa miezi, na sisi mvua za Oktoba hadi Desemba hazikujua kukoma. Mei 2020 ziwa likarudi kufikia kiwango kile cha 1964, na watu wa fuko zake wakahama nyumba zao. Upande wa pili wa mambo umekwisha kuonekana pia. Mwaka wa 2016, na tena mwaka wa 2022, joto lilikuwa zaidi upande wa Indonesia, na vuli yetu ikawa haba.

Sisemi kila tone la mvua ya Nkoma limetoka baharini. Ziwa letu lina mvuke wake, na upepo una mambo mengi. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza kila mwaka kabla ya msimu kwamba vuli ya mikoa yetu inatarajiwa kuwa juu ya wastani, ya wastani, au chini ya wastani, moja ya mambo ya kwanza wanayoyatazama ni joto la Bahari ya Hindi. Na joto hilo hupimwaje? Setilaiti huona ngozi ya juu tu. Kwa maji ya chini kuna maboya yaliyotiwa nanga katikati ya bahari, na kuna vyombo virefu kama magunzi makubwa vinavyoitwa Argo. Hivyo huzama wenyewe, huelea na mkondo wa maji ya chini, na kila baada ya siku 10 hushuka hadi meta 2,000, kisha hupanda vikipima joto na chumvi njia nzima. Vikifika juu hupeleka habari kwa setilaiti na kuzama tena. Duniani vipo karibu 4,000. Mkulima anayeamua kupanda mtama badala ya mahindi, kwa sababu redio imesema mvua itakuwa chini ya wastani, anatumia habari iliyoletwa na chombo kilichokuwa gizani meta 2,000 chini ya bahari asiyoiona kamwe. Hilo ndilo jibu la swali lililoulizwa darasani.

Tena tunayo pwani yetu. Wilaya ya Busega inapakana na Ghuba ya Speke, na maji ya mto Simiyu huingia katika ghuba hiyo hiyo. Kila mzazi wa huku anamjua kijana aliyeacha jembe akaenda Lamadi au mwalo mwingine kuvua dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na hasa usiku usio na mwezi, maana mwanga wa mwezi huishinda taa. Usiku huo huo ndio wenye hatari. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi kavu hupoa, na upepo hugeuka: kutoka Mwanza, kutoka Mara, kutoka Kagera, kutoka Uganda na Kenya, pepo zote huelekea ziwani. Hukutana katikati, hazina pa kwenda ila juu, na hapo hufanyika mawingu ya radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwa hili hupiga kati ya usiku wa manane na mapambazuko, wakati mitumbwi iko mbali na mwalo. Rada ya hali ya hewa iliyojengwa Mwanza huyaona mawingu yale yakikua, na taarifa kwa wavuvi hutolewa kila siku. Mara nyingi nimewasikia vijana wakisema taarifa hizo hukosea. Ni kweli, mara nyingine hukosea. Mvuvi anayekaa mwaloni usiku mmoja bure amepoteza ndoo chache za dagaa. Naye hupata usiku mwingine wa kwenda kuvua.

Shule yetu inacho kipimo kimoja katika kazi hii kubwa, nacho ni kile kipima mvua kilichosimama nyuma ya maabara. Wengine hupita karibu nacho kila siku wakidhani ni mfereji ulioharibika. Kimewekwa mbali na mwembe na mbali na paa ili mvua isizuiliwe, na husomwa saa 3 ya asubuhi kila siku, kwa kuwa hiyo ndiyo saa inayotumika katika vituo vyote vya nchi. Kikisomwa saa nyingine, mvua ya Nkoma haiwezi kulinganishwa na ya Bariadi wala ya Mwanza. Milimeta moja ya mvua ni lita moja katika kila meta ya mraba. Ekari moja ina meta za mraba 4,047. Basi mvua ya milimeta 20, ambayo mtu husema ni manyunyu mazuri tu, huipa ekari moja lita 80,940, sawa na madebe 4,047 yenye lita 20. Nawasihi wanafunzi wakawaonyeshe wazazi wao hesabu hiyo, hasa wale wenye kisima kimoja na ekari tatu.

Katika kusoma kuna sheria chache ambazo wasomaji wa zamu wanazijua, lakini nazirudia kwa ajili ya wageni. Siku isiyo na mvua huandikwa 0.0. Siku ambayo hakuna aliyesoma huachwa wazi, na haiandikwi sifuri, maana sifuri ni habari na nafasi iliyo wazi ni kutokuwa na habari. Mambo haya mawili hayafanani hata kidogo. Maji ya Jumamosi na Jumapili yakisomwa Jumatatu, huandikwa kuwa ni jumla ya siku tatu. Tena ni marufuku kukisia kwa kutazama matope.

Linalotupa shida ni likizo ya Desemba. Shule hufungwa wakati vuli ingali inanyesha, na kipimo hubaki peke yake. Mlinzi wetu amekuwa akisaidia, lakini zamu zake za usiku haziafikiani na saa 3 ya asubuhi. Kwa hiyo mwaka huu natafuta wanafunzi wanne wanaokaa umbali wa kutembea kwa miguu, kila mmoja asome kwa juma moja, na mzazi wake awe amekubali. Hadi ninapoandika waliojiandikisha ni wawili, wote wa kidato cha pili. Daftari liko juu ya meza yangu katika chumba cha walimu, na penseli yake imefungwa kwa uzi.